Mizani imetimia, vina vimekaa, mbona ubeti hauna uhai?

*"Shikamoo Mwalimu. Naishi Ujiji, nina miaka 17 na nimemaliza kidato cha nne. Natunga mashairi tangu nikiwa darasa la sita. Juzi nimetunga ubeti huu kuhusu wavuvi wa dagaa:*

*Taa zawaka ziwani, usiku umeshafika,*
*Wavuvi wamo kazini, nyavu zao wazishika,*
*Samaki wamo majini, nao wanahangaika,*
*Nami nipo ufukweni, nakaa bila kuchoka.*

*Nimehesabu na kurudia, mizani ni 16 kila mshororo na vina havijakosea. Lakini rafiki yangu anasema ubeti umekufa, na kwamba kuhesabu ndiko kunakoua mashairi yetu, bora niachane na mizani. Kaka yangu anayesoma uhandisi anasema kinyume: eti kila kitu kizuri duniani, kuanzia sura ya mtu hadi majengo ya kale, kinafuata namba ya dhahabu, 1.618, kwa hiyo nitafute mahali pake kwenye ubeti niweke kilele hapo. Mimi napenda hesabu na napenda ushairi, na natakiwa kuamua kati ya tahasusi mbili za kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hisabati) na HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Je, uzuri unahesabika? Na ubeti wangu una ugonjwa gani?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ubeti wako kwa sauti, kisha nikauimba. Hesabu yako ni sahihi, hakuna mizani (silabi) iliyopungua wala kina (sauti ya mwisho inayojirudia) kilichopotea. Na rafiki yako amesikia vizuri: kuna kitu hakipo. Ila dawa anayokupa siyo, na ya kaka yako siyo pia. Wanabishana, lakini kosa lao ni moja. Wote wanadhani hesabu ndiyo inayotia au kuondoa uzuri. Mimi nafundisha hisabati hapa Tabora na natunga mashairi, na ninavyoona ni hivi: kazi ya hesabu katika shairi ni kumfanya msikilizaji angojee. Uzuri unategemea unampa nini wakati anangojea.

Nianze na kaka yako, maana analosema limeenea sana na lina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe hauko pale anapouonyesha. Namba ya dhahabu hupatikana hivi. Gawa mstari vipande viwili, kirefu na kifupi, kwa namna ambayo uwiano wa mstari wote kwa kipande kirefu ni uleule wa kipande kirefu kwa kifupi. Uwiano huo ni 1.618 na desimali zisizokwisha. Euclid, mwanahisabati Mgiriki, aliueleza mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, na aliuhitaji kwa kazi ya jiometri, kama kuchora pembetano yenye pande sawa. Mwaka 1509 Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alichapisha kitabu cha kuusifu, na michoro ya maumbo yake ikachorwa na Leonardo da Vinci. Watu wakishasikia jina hilo wanahitimisha kwamba Leonardo aliuficha uwiano huo katika kila picha yake. Lakini Pacioli mwenyewe, alipofika kwenye majengo, alipendekeza uwiano wa namba nzima za kawaida, kwa kumfuata Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale. Dai kwamba 1.618 ni sheria ya uzuri wote lilipata nguvu baadaye sana, hasa kwa maandishi ya Mjerumani Adolf Zeising kuanzia mwaka 1854. Tangu hapo watu huchora mistatili juu ya picha za Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki, na jibu wanalopata linategemea wameanza kupima kwenye ngazi ipi na wameishia sehemu gani ya paa. Wapo wasanii walioutumia kwa makusudi, kama msanifu majengo Le Corbusier katika karne ya 20. Hilo lilikuwa chaguo lake, na alikuwa huru kuchagua jingine.

Kwenye mimea, kaka yako anayo haki. Nenda soko la Mwanga, chukua nanasi, hesabu mistari ya macho yake inayopanda kwa kuzunguka. Kwa kawaida mistari inayoinamia upande mmoja ni 8 na inayoinamia upande wa pili ni 13. Sababu ni nafasi. Kila chipukizi linapoota hukaa pembe ya karibu nyuzi 137.5 kutoka kwa lililotangulia, mahali ambapo halibanani na wenzake, na pembe hiyo inatokana na uwiano wa dhahabu. Nanasi halikutafuta kupendeza macho, lilitafuta mahali pa kukaa.

Sasa tazama shairi letu. Gawa 16 kwa 1.618, unapata karibu 9.9. Kama uwiano huo ungekuwa sheria ya uzuri, pumziko la mshororo lingekuwa kwenye mizani ya 10. Wazee wetu wameliweka kwenye ya 8, nusu kwa nusu, na mashairi yameimbwa hivyo tangu enzi za mshairi Muyaka wa Mombasa bila sikio kulalamika.

Hata hivyo zile 8 na 13 za nanasi zina udugu na ushairi, na udugu huu ni wa kweli kuliko hadithi ya Parthenon. Ziko katika mfululizo wa 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizo nyuma yake. Ukigawa namba kwa ile iliyoitangulia unazidi kuisogelea 1.618, kwa mfano, 34 kwa 21 ni 1.619. Wengi wanazijua kwa jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeziandika mwaka 1202 katika fumbo la sungura wanaozaana. Lakini kule India zilishajulikana, na waliozijua walikuwa watu wa mashairi. Mnamo mwaka 1150 mwanazuoni Hemachandra aliuliza: kama silabi fupi ni pigo moja na silabi ndefu ni mapigo mawili, mstari wa mapigo kadhaa unaweza kupangwa kwa njia ngapi? Mstari wa mapigo 8 una njia 34. Na karne kadhaa kabla ya hapo, katika karne ya 8, al-Khalil ibn Ahmad wa Basra alishazipanga bahari 15, yaani aina za mapigo, za ushairi wa Kiarabu kwenye duara tano, ili ionekane bahari ipi inazaliwa kutoka ipi ukianzia mahali tofauti pa duara lilelile. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie kwamba hesabu imevamia ushairi kutoka nje. Kuna hesabu zilizozaliwa humo.

Kiswahili hakipimi mashairi kwa silabi fupi na ndefu; sisi tunahesabu silabi tu. Lakini liulize swali la Hemachandra juu ya kipande chako cha mizani 8. Chukua maneno yenye silabi mbili na kuendelea. Vineno vya silabi moja, kama *ya* na *wa*, huegemea neno jirani, vihesabu pamoja nalo. Je, kipande cha mizani 8 kinaweza kukatwa kwa njia ngapi? Nimekaa na kalamu na kuzipata hizi: maneno manne ya silabi mbilimbili, njia 1, maneno ya silabi 3, 3 na 2, yanayopangika kwa njia 3, ya 4, 2 na 2, njia 3 pia, 4 na 4, njia 1, 5 na 3, njia 2, 6 na 2, njia 2, na neno moja refu la silabi 8. Jumla ni 13. Fanya hivyo kwa kipande cha mizani 7, utapata 8. Kipande cha mizani 6, kama kile cha wimbo wa mizani 12, kina njia 5. Ni namba zilezile za nanasi, na zimo katika mshororo wako, ingawa si pale kaka yako alipokuambia uzitafute.

Kwa nini iwe hivyo? Tazama neno la mwisho la kipande cha mizani 8. Ama lina silabi 2, ama lina 3 na kuendelea. Likiwa na 2, lifute: umebaki na kipande cha mizani 6, ambacho kina njia 5. Likiwa na 3 au zaidi, lipunguze silabi moja: umebaki na kipande cha mizani 7, ambacho kina njia 8. Tano na nane ni kumi na tatu. Hoja hiyo haijali urefu wa kipande, ndiyo maana kila namba inakuwa jumla ya mbili zilizo nyuma yake.

Rudia hoja hiyo polepole mpaka uione yote kwa mara moja. Ukihisi kitu fulani kifuani, hicho ndicho wanahisabati wanachokiita uzuri. G. H. Hardy wa Uingereza, katika kitabu kidogo alichokichapisha mwaka 1940 kuitetea kazi yake, alitaja mambo yanayoupa uthibitisho uzuri: usitarajiwe, usiepukike, na utumie vitu vichache. Mwaka 2014 mtafiti wa ubongo Semir Zeki na wenzake, mmoja wao akiwa mwanahisabati Michael Atiyah, walipima ubongo wa wanahisabati 15 wakitazama kanuni 60. Zile walizoziona nzuri ziliamsha sehemu ileile ya ubongo ambayo tafiti nyingine zimeiona ikiamka mtu anapofurahia muziki au picha. Hisia yako ya kupenda vyote viwili, mwanangu, haina mgongano ndani yake.

Turudi kwenye kipande cha mizani 8, maana kina jambo jingine, na hili linamhusu rafiki yako. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa kata kipande chako kwa njia yoyote kati ya zile 13, kisha uulize mkazo wa mwisho unaangukia wapi. Unaangukia mizani ya 7. Daima. "Taa zawaka ziwani" ina mikazo kwenye mizani ya 1, ya 4 na ya 7. "Wavuvi wamo kazini" ina ya 2, ya 4 na ya 7. "Nami nipo ufukweni" ina ya 1, ya 3 na ya 7. Kuanzia mizani ya 1 hadi ya 6 mkazo unatembea utakavyo. Ukifika ya 7 haukosi, kisha kina kinatua kwenye ya 8. Yapo maneno machache yanayotoka nje ya kanuni hii, kama *lazima* kwa wale wanaoikazia *la*, na ukiliweka mwisho wa kipande utasikia jinsi sikio linavyojikwaa.

Hapo ndipo kwenye mtambo wenyewe wa shairi. Msikilizaji hahesabu vidole. Lakini baada ya mishororo miwili mwili wake umeshajua pigo la uhakika liko wapi na sauti gani inakuja kulifuata. Msikilize mtu mzima anayesikiliza mashairi redioni: anamalizia kina pamoja na msomaji, wakati mwingine kabla yake. Hali hiyo ya kungojea haiji bila kanuni. Mtunzi asiyemfanya msikilizaji angojee hawezi kumshangaza pia, kwa sababu anayeshangaa ni yule aliyekuwa anatazamia kitu.

Wala si kweli kwamba kanuni imekubana. Mshororo wenye vipande viwili una njia 13 mara 13, yaani 169. Ubeti wa mishororo minne una njia 815,730,721 za kupanga urefu wa maneno, kabla hujachagua hata neno moja. (Mfaransa Raymond Queneau alilichezea jambo hili mwaka 1961. Alichapisha soneti 10 za mistari 14, kila mstari ukiwa kwenye ukanda wake uliokatwa, ili mstari wowote uweze kuingia nafasi ya mwenzake wa soneti nyingine. Mashairi yanayowezekana humo ni 1 ikifuatwa na sifuri 14.)

Basi ubeti wako unaumwa nini? Tazama mleo, mshororo wa tatu: "Samaki wamo majini, nao wanahangaika." Mshororo uliotangulia ulisema wavuvi wamo kazini. Huu unasema samaki wamo majini. Msikilizaji alijua samaki wako majini kabla hujafungua kinywa. Alikuwa anangojea, mizani ikamfikisha kwenye pigo la 7 akiwa amenyoosha mkono, ukamwekea kitu alichokuwa nacho tayari. Kituo chako nacho, yaani mshororo wa mwisho, "nakaa bila kuchoka", kipo kwa ajili ya *ka* tu. Hakuna kilichomfanya mtu wa ufukweni achoke, kwa hiyo kutochoka kwake hakutuambii lolote.

Nimejaribu kuibadilisha mishororo hiyo miwili, ile miwili ya mwanzo nikaiacha kama ulivyoiandika:

*Taa zawaka ziwani, usiku umeshafika,*
*Wavuvi wamo kazini, nyavu zao wazishika,*
*Dagaa huja nuruni, wadhani jua lawaka,*
*Nami nuru ya jirani, ndiyo iliyonidaka.*

Linganisha mileo miwili, wa kwako na huu. "Samaki wamo majini" ni silabi 3, 2 na 3. "Dagaa huja nuruni" ni 3, 2 na 3. Mikazo yote miwili iko kwenye mizani ya 2, ya 4 na ya 7, na kina ni kilekile *ni*. Kwa hesabu yoyote ninayoijua, vipande hivyo viwili ni mapacha. Kwa hiyo tofauti unayoisikia haikutoka kwenye hesabu.

Imetoka wapi? Wewe ni mtu wa Ujiji, unajua kwa nini wavuvi wanawasha taa katika usiku usio na mbalamwezi: dagaa wanaifuata nuru. Ulikuwa na jambo hilo mkononi tangu neno la kwanza, "taa", ukalipita. Ukishalisema, vina vinaanza kufanya kazi ambayo havikuwa nayo. "Umeshafika" ni usiku, "lawaka" ni jua. Kina kinayafunga pamoja mambo mawili yanayopingana, na dagaa amenaswa katikati ya hayo mawili. "Nyavu zao wazishika", kipande kilichoonekana kama kijazio katika ubeti wa kwanza, sasa kinaandaa "iliyonidaka". Na mshororo wa mwisho, nadhani, msikilizaji hakuutarajia. Lakini akishausikia anaona ulikuwa njiani tangu taa zilipowashwa. Usitarajiwe, usiepukike, utumie vitu vichache. Hardy alikuwa anazungumzia namba, na sifa hizohizo ndizo zinazokosekana kwenye ubeti wako wa awali.

Kuna jambo moja ningependa umwonyeshe kaka yako. Ubeti mzima una mizani 64. Katika ubeti huu wa pili, maana inapogeuka, pale kwenye "nuruni", ni mwisho wa mizani ya 40. Gawa 40 kwa 64: unapata 0.625, na namba ya dhahabu ikipinduliwa ni 0.618. Karibu kabisa! Mtu angeweza kuandika ukurasa mzima kwamba hii ndiyo siri ya ubeti. Lakini mimi nilikuwa nafikiria dagaa. Na kama mgeuko ungekuja mwanzo wa mshororo wa tatu, mtu huyohuyo angesema siri ni nusu kamili. Ungekuja mwanzo wa mshororo wa nne, angesema ni robo tatu. Zaidi ya hayo, "Samaki wamo majini" nayo inaishia mizani ya 40, na haikusaidia kitu. Madai mengi ya namba ya dhahabu katika sanaa yametengenezwa hivi, kwa kupima baada ya kazi kwisha na kuchagua mahali pa kupimia.

Zipo sanaa ambazo hesabu inabana kuliko kwenye ushairi, na hapo kubahatisha hakuna. Mtazame anayesuka kikapu chenye ua linalozunguka. Kama ua linarudi kila baada ya miyaa (vipande vya majani ya kusukia) 6, ukianza na miyaa 80 utamaliza mzunguko na 2 za ziada, na ua litavunjika pale linapokutana na mwanzo wake. Ukianza na 84 linafunga. Msukaji anajua hilo kabla ya kuanza kusuka, awe amesoma kugawanya darasani au hakusoma. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha hesabu iliyomo katika ususi wa Afrika. Katika mikoba ya Inhambane iitwayo sipatsi alizikuta aina zote 7 za ulinganifu ambazo kisayansi zinawezekana katika pambo la ukanda. Wasukaji hawakuzisoma popote, walizifikia kwa mikono. Na wewe unayekaa kwenye mji wa vitenge, muulize fundi anayejua kazi kwa nini anataka nusu yadi ya ziada. Atakuonyesha mshono wa mbele: duara lililokatwa upande wa kushoto lazima likutane na nusu yake ya kulia, na ili likutane, kitambaa kinaliwa. Hiyo nayo ni hesabu inayomfanya mtazamaji angojee, kwa macho safari hii.

Kuhusu kuachana na mizani kabisa, nitakuambia wazi kwamba njia hiyo ipo na ni halali. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, diwani yake ya mashairi yasiyofuata mizani na vina, mwaka 1974 ugomvi ulikuwa mkubwa, na leo mashairi huru yanafundishwa shuleni pamoja na ya kimapokeo. Lakini anayetunga shairi huru hajaondoka kwenye kazi ya kumfanya mtu angojee. Inabidi aifanye kwa njia nyingine: kurudia neno, kukata mstari mahali pasipotegemewa, kupanga picha ili moja iite nyingine. Mimi naona ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu ile mizani ya 7 haipo kukusaidia. Kama kinachokusumbua ni kwamba mishororo yako haina jambo jipya la kusema, kuondoa mizani kutaufanya ukavu huo uonekane wazi zaidi. Kaa kwenye kanuni mpaka uweze kuifanya ikutumikie, kisha uamue. Na ujue uko mahali pazuri pa kujifunzia. Aliyeziandika kanuni hizi kwa ajili ya watunzi wa kizazi chake, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alizaliwa hapo Ujiji mwaka 1924, na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954. Yeye alisisitiza kwamba shairi sharti liimbike. Kwake hesabu ilikuwa kwa ajili ya koo na sikio.

Sasa tahasusi. Omar Khayyam alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu na anakumbukwa kwa rubai, mashairi yake ya mistari minne. Sofya Kovalevskaya wa Urusi alipata shahada ya udaktari wa hisabati mwaka 1874 na akaandika kumbukumbu na riwaya. Kwa hiyo kuchagua kimoja si kukizika kingine. Lakini vinatofautiana katika namna ya kurudiwa. Ushairi unaweza kuendelea nao jioni baada ya masomo, miaka yote. Hisabati ya juu ni vigumu kuirudia peke yako baadaye, kwa kuwa kila mada imekaa juu ya iliyotangulia. Kwa sababu hiyo, kama alama zako za hesabu ni nzuri na unaipenda kweli, ningeelekea upande wa hisabati. Ila PCM ni fizikia na kemia pia, na mtu anayechoshwa na maabara atateseka humo. Ziko tahasusi nyingine zenye hisabati, EGM (uchumi, jiografia na hisabati) ikiwa mojawapo. Na HKL si kutunga mashairi, ni kuchambua vitabu, historia na Kiingereza, kazi nzuri lakini si hii uliyonitumia. Mimi sijaona matokeo yako. Nenda kwa mwalimu wa taaluma wa shule uliyomaliza, ukiwa na mzazi au mlezi na matokeo yako mkononi, na mwende mapema, kabla nafasi ya kubadilisha tahasusi haijafungwa. Mwulize pia mtu anayeisoma PCM sasa hivi akuonyeshe madaftari yake, yote matatu.

Na kwa ubeti, maandishi yangu hayatoshi. Sikio hufundishwa ana kwa ana. Tafuta hapo Ujiji mtu anayeimba mashairi au kaswida, mzee au kijana, au mwalimu wako wa Kiswahili kama anaimba. Usimpe karatasi. Mwimbie, na umwombe akusimamishe pale alipoacha kungojea. Weka alama ya penseli mahali hapo, bila kujitetea, kisha endelea. Ukishaubadilisha, nitumie na ubeti wa pili, maana mimi bado sijaambiwa huyo jirani alikuwa amewasha taa ya nini.